Diski ya kompyuta ya mezani imekaa kimya kwenye waya wa USB. Nimepigwa au diski imekufa?

Mama Fotokopi, Moshi

Wakuu habari za jioni.

Nina steshenari yangu hapa Moshi: fotokopi, kuchapa barua, CV, kuskani vyeti, kadi za michango. Mashine ya kazi ilikuwa kompyuta ya mezani, lile kasha jeusi la kizamani, niliinunua ya mtumba 2013. Wiki 2 zilizopita umeme ulikatika na kurudi mara 3 ndani ya robo saa, ule wa kurudi mpaka taa inang'aa kama ya uwanja wa mpira. Tangu hapo haiwaki. Feni inazunguka kidogo, inasimama. Fundi wa mtaani akaangalia, akasema mazabodi imekwenda ila diski ni nzima. Ameijuaje nzima bila kuiwasha sielewi, lakini alivyosema kwa kujiamini nikanyamaza.

Kazi zangu zote zimo humo. Picha za familia nashukuru ziko kwenye simu, hapa nalilia kazi. Kuna baba mmoja anakuja kila baada ya miezi 2 kubadilisha tarehe tu kwenye barua yake ya maombi, namtoza 1,000 anaondoka. Kuna vikundi 4 vya vikoba ambavyo hesabu zao ziko kwangu kwenye Excel, na kimoja kinagawana mwezi ujao. Kuna kadi nilizochora mwenyewe, ua moja moja. Mtu anafika kaunta anasema "mama, ile yangu si unayo?" Nimeshachoka kusema mtandao unasumbua.

Mpwa wangu aliyeko Dar akaniambia dawa ni waya wa kuchomeka diski kwenye laptopu kama flashi. Akanunua Kariakoo kwa 25,000, akautuma na basi. Upande mmoja USB, upande wa pili kichwa kipana bapa kinachoingia kwenye diski sawasawa kabisa, wala hakikulazimishwa. Nachomeka: kitaa cha buluu kinawaka, basi. Kwenye laptopu hakuna kitu. Nimejaribu laptopu 2. Nikampigia muuzaji, akasema waya nilijaribu mbele ya kijana wako ukafanya kazi, diski yako ndiyo imekufa, pole sana mama.

Naomba kuuliza: nimepigwa au diski imekufa kweli?

Zuia_Virusi

Hao ni virusi dada. Fomati upya halafu weka antivairasi kali.

bukoba1

@Zuia_Virusi diski yenyewe haionekani, atafomati nini, meza?

Mama, njia ya bure: tafuta mtu mwenye kompyuta ya mezani nzima, fungua kifuniko, chomeka diski yako humo ndani kwa waya zake, nakili vitu vyako, toa. Dakika 20.

Mama Fotokopi

@bukoba1 Nilimwomba jirani mwenye intaneti kafe. Alivyonitazama, ungedhani nimeomba kumfanyia upasuaji mwanawe.

Lehemu, Morogoro

Mama Fotokopi pole. Usimlaani muuza waya bado, na diski usiizike. Fanya mambo 2 unijibu.

Kwanza, chomeka hivyo hivyo ulivyokuwa unafanya, halafu weka kiganja juu ya diski. Diski nzima inayopata umeme ina mtetemo, kama nyuki amefungiwa kwenye kopo. Je, unausikia? Au inagonga tak, tak, tak? Au ni jiwe tu?

Pili, soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Achana na jina la kampuni na namba ndefu, tafuta herufi V. Niandikie kila palipo na V na namba iliyo karibu yake.

Mama Fotokopi

Jiwe. Kimya kabisa, haina hata joto.

Karatasi inasema 5V 0.70A, chini yake 12V 0.55A. Na imeandikwa 500GB.

Lehemu

Basi hakuna aliyekufa wala aliyekupiga. Mpwa wako amenunua waya wa diski ya laptopu kwa ajili ya diski ya kompyuta ya mezani.

Diski ni za aina 2 kwa umbo. Ndogo ya inchi 2.5 inayotoka kwenye laptopu, unaweza kuiweka mfuko wa shati. Na kubwa ya inchi 3.5 kama hiyo yako, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Vichwa vya SATA, yaani hicho kichwa kipana bapa, ni vilevile kwa zote 2, ndiyo maana umeingia bila kulazimisha, na ndiyo maana watu wanauziana kimakosa kila siku. Tofauti ni chakula chake. Ile ndogo inakula volti 5 peke yake, na volti 5 ndizo zinazotoka kwenye tundu la USB. Ile kubwa inakula vyakula 2: volti 5 kwa ajili ya bodi yake ya kijani chini, na volti 12 kwa ajili ya mota inayozungusha sahani. USB ya kawaida haina volti 12. Kwa hiyo bodi imepata chakula, mota haikupata. Ungeacha imechomekwa mpaka Krismasi, isingezunguka.

Wala usidhani ni suala la kutafuta laptopu yenye nguvu zaidi. Tundu la USB 2.0 linatoa nusu ampea, lile la buluu la USB 3.0 linatoa 0.9, vyote kwa volti 5. Diski kubwa inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache, kisha inatulia kwenye hiyo 0.55 uliyoisoma. Ni kama kusukuma gari: shida ni pale linapoanza.

Unachohitaji ni adapta yenye tundu la pembeni la chaja na chaja yake ya volti 12, ampea 2. Mbele ya muuzaji useme "diski ya inchi 3.5, nataka yenye chaja yake". Ukisema "waya wa hadi diski" tu atakupa huohuo.

Muuzaji hajakudanganya. Ameujaribu kwa diski ya laptopu, umefanya kazi. Ila angekuwa fundi angeuliza swali moja kabla ya kupokea hela.

Mama Fotokopi

Lehemu Mungu akubariki, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Sabuni ya mche ndiyo imenimaliza.

Sasa sikiliza. Yule wa intaneti kafe, kumbe anayo hiyo adapta! Ameniazima, ina vichwa 3, kimoja cha SATA, kimoja kirefu chenye vishimo vingi na kingine kama hicho kidogo zaidi. Ina tundu la chaja pembeni kama ulivyosema. Ila chaja yake ilipotea zamani. Nimejaribu chaja ya laptopu ya binti yangu, inaingia vizuri tu pale kwenye tundu. Ukutani sijachomeka. Nichomeke?

Lehemu

USICHOMEKE. Mama, itoe hiyo chaja hapo, ikiwezekana iweke chumba kingine.

Igeuze usome palipoandikwa OUTPUT. Nina hakika utakuta 19V au 19.5V. Kijiti kinalingana unene, umeme haulingani. Kwenye adapta za aina hiyo, zile volti 12 zinapita moja kwa moja kutoka kwenye chaja mpaka kwenye diski, hakuna anayezipunguza njiani. Ukiweka 19, diski inakula 19.

Najua kwa sababu nilishafanya mwenyewe, na mimi naitwa fundi. Mwaka 2019, diski ya mteja ya 1TB, mwalimu, mitihani yake yote humo. Mezani kwangu kulikuwa na chaja kama 15 zimesukana kama nywele. Nikavuta nyeusi, nikachomeka, nikasikia "pii" ndogo na harufu ile mnayoijua. Kitaa cha adapta kikazima. Niliketi chini nikaangalia dari kama dakika 5 hivi.

Kilichoniokoa ni hiki, na ninakiandika kirefu kwa sababu kuna mtu atakihitaji. Diski nyingi zina dayodi 2 za ulinzi kwenye ile bodi ya chini, karibu na pale umeme unapoingia. Moja inalinda njia ya volti 5, nyingine njia ya volti 12. Ni vipande vyeusi vidogo kama punje ya mchele iliyokatwa. Kazi yake ni kufa badala ya diski: umeme ukizidi, inajifunga yenyewe, njia inakuwa imegusana na ardhi, na chaja inajizima. Nikafungua bodi (skrubu zake ni za nyota, bisibisi ya kawaida hazikubali), nikaweka mita, ile ya njia ya 12 ikapiga mlio mrefu. Imejitoa mhanga. Nikaichomoa kwa chuma cha lehemu, nikaweka chaja ya 12 ya kweli, diski ikazunguka kama jana yake. Nikanakili kila kitu usiku huohuo, kwa sababu diski iliyotolewa dayodi haina mlinzi tena, kosa la pili haliiachi.

Lakini si kila diski ina bahati hiyo. Nyingine bodi nzima inaungua. Na msije mkadhani mtanunua bodi ya diski inayofanana mbadilishe tu: kwenye bodi kuna kichipu chenye kumbukumbu za diski ile ile moja, kisipohamishwa diski haisomeki.

Kwa hiyo mama, tafuta 12V 2A. Hapo mtaani kwako usitafute duka la kompyuta, tafuta wanaofunga kamera za ulinzi. Chaja zao nyingi ni 12V 2A na kijiti chake mara nyingi ni hicho hicho. Chaja ya ruta ni 12V pia ila nyingi ni ampea 1, diski itaanza, itashindwa, itaanza, itashindwa, na hayo ndiyo mateso yanayoua diski nzee. Angalia pia ule mchoro wa duara kwenye chaja: alama ya kujumlisha iwe katikati. Na kwenye adapta yenyewe pameandikwa nini karibu na tundu?

Mama Fotokopi

Nimetetemeka. Ya binti imeandikwa 19.5V kweli.

Adapta imeandikwa DC 12V 2A, maandishi madogo nimetumia simu kuyapiga picha ndiyo nikayasoma. Kesho asubuhi naenda kwa wa kamera.

Kijana wa Luthuli, Nairobi

Naingilia kidogo kabla dada hajafika kesho, kuna mtego mwingine mbele yake.

Siku diski itakapoonekana, Windows inaweza kuleta kisanduku kinachosema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Kuna kitufe cha kukubali, na kimewekwa pale mahali kidole kimezoea. Usikiguse. Funga kisanduku, uje uulize.

Mimi kilinipata na diski ya 3TB iliyokuwa ndani ya kasha lake la mezani. Kasha likafa upande wa umeme, nikatoa diski nikaiweka kwenye adapta niliyoinunua Luthuli Avenue, ikazunguka vizuri, sauti tamu, halafu nikaambiwa nifomati. Nilikuwa karibu kulia. Kumbe lile kasha la zamani lilikuwa linaionyesha kompyuta vipande vya baiti 4096, na adapta yangu inaonyesha vya baiti 512. Diski ni ileile, data ni zilezile, lakini ramani imesomwa kwa kipimo kingine kwa hivyo kila kitu kinaonekana kiko mahali pasipo. Nilipopata kasha la modeli ileile kwa mtumba, mafaili yote yakarudi kama hayakuwa yameenda popote. Kuna makasha mengine pia yanafunga data kwa siri kwenye chipu yao bila hata kukuuliza nywila, hayo ukitoa diski nje hupati kitu.

Ya dada ilikuwa ndani ya kompyuta moja kwa moja, kwa hivyo haifai kumsumbua. Lakini kidole kikae mbali.

bukoba1

Samahani kwa mwenye uzi, naomba kuuliza papo hapo. Nina SSD (diski isiyo na sahani za kuzunguka) niliyotoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo, umbo lake kama kipande cha jojo. Waya wa mama wa 25,000 ungenifaa?

Lehemu

@bukoba1 Hapana, hiyo ni M.2, kichwa chake kingine kabisa. Na kabla ya kununua kasha lake angalia meno. Ikiwa na pengo 1 tu upande wa pini 5, mara nyingi ni NVMe, aina yenye kasi zaidi. Ikiwa na mapengo 2, mara nyingi ni SATA. Kasha la NVMe peke yake halisomi SATA, na la SATA halisomi NVMe. Yapo yanayosoma zote 2, yenye chipu ya RTL9210B kwa mfano, bei imesogea kidogo ila unalala usingizi.

Halafu kama laptopu ilikuwa na Windows 10 au 11, jiandae kuulizwa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data za diski, wa tarakimu 48. Uangalie kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu kabla hujanunua chochote.

Mama Fotokopi

INAZUNGUKA!!

Chaja nimeipata kwa kijana wa kamera kwa 12,000, 12V 2A, duara lina kujumlisha katikati. Nimefuata kama ulivyosema: kwanza kichwa cha adapta kwenye diski, pili chaja, nikasubiri. Nikaweka kiganja. Kwanza ikanong'ona, halafu ikapanda, halafu ule mtetemo wa nyuki. Wateja 2 walikuwa kaunta wananiangalia nimeshika chuma nimefumba macho. Nikachomeka USB ndiyo zikatokea E na F. Hakikuja kisanduku cha kufomati.

F imefunguka yote, huko ndiko nilikoweka kadi. Ila E, ile yenye Windows 7, nikifungua folda la jina langu inasema sina ruhusa. Sina ruhusa ya vitu vyangu! Na hesabu za vikoba ziko huko kwenye desktopu.

Lehemu

Hongera! Hilo la ruhusa si ugonjwa. Mafaili yale yana jina la mwenye nyumba wa ile Windows ya zamani, na hii laptopu haimjui. Bonyeza Continue kwenye hicho kisanduku, laptopu itajiandika yenyewe kuwa na ruhusa. Inaweza kuchukua dakika nyingi kwa sababu inapitia faili moja moja. Usichomoe.

Anza na vikoba, kadi baadaye. Kisichokuwa na nakala nyingine duniani ndicho kinatoka kwanza. Usifungue faili humohumo kwenye diski ukaanza kuhariri, nakili kwanza. Na ilaze bapa mezani, isiguswe, isisimamishwe kwa ubavu ikaja kuanguka. Umewahi kuona sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika zikipata kishindo? Mimi nimewahi kusikia tu, na inatosha.

Mama Fotokopi

Ilichukua dakika 11 kutoa ruhusa. Vikoba vyote 4 vipo. Nimefungua cha mgawo wa mwezi ujao nimehesabu mpaka safu ya mwisho.

Sasa inanakili mengine, jumla ni GB 212, inasema 28 MB kwa sekunde, masaa 2 na kidogo. Hiyo ndiyo kasi yake au kuna kitu nimekosea?

Kijana wa Luthuli

Hiyo ni kasi ya USB 2.0 dada. Kwenye karatasi ni megabiti 480, kwenye maisha ni kati ya 30 na 40 MB kwa sekunde ikiwa na bahati. Laptopu ina tundu la rangi ya buluu ndani, au lenye alama ya SS? Ukiliona na adapta iwe ya USB 3.0, diski kama hiyo ingefika hata 100.

Mama Fotokopi

Laptopu ya binti haina la buluu, yote meusi. Wacha iende. Chai ipo na maandazi yapo.

Zuia_Virusi

Ukimaliza scan virusi.

Mama Fotokopi

@Zuia_Virusi nimeskani baba, na kweli wamo 6, vile vya njia ya mkato vya flashi za wateja. Umepata 1 kati ya 1.

Imemaliza saa 11 jioni. Nimeweka nakala kwenye laptopu, nyingine kwenye eksteno niliyoazima kwa dada yangu mpaka ninunue yangu. Yule baba wa tarehe amekuja leo. Nimefungua barua yake, nikabadilisha, nikachapa. Akasema "siku hizi mashine yako ina kasi." Nikanyamaza.

Adapta nimerudisha, na chaja nimemwachia mwenyewe, ndiyo asante yangu. Sasa nimebaki na ule waya wa 25,000, mpya kabisa, umechomekwa mara 5 tu. Unafaa kwa diski ya laptopu, inchi 2.5. Kuna anayehitaji?

Mangi_Himo

Niko Himo, ninayo diski ya laptopu imekaa kabatini mwaka wa 2. Nina 15.

Lehemu

@Mangi_Himo soma kwanza karatasi yake. Iwe na 5V peke yake.

Mangi_Himo

5V 0.55A, hakuna namba nyingine ya V.

Mama Fotokopi

18 na uje mwenyewe na diski yako, tuuchomeke mbele ya kaunta.